Awe Nani wa Mwisho Kuondoka?

Asubuhi ya Jumatatu, 27 Januari 2025, barabara za Goma, mashariki ya Kongo, zilikuwa zimejaa nguo zisizo na wenyewe. Magwanda, buti, kofia na mikanda ya risasi vilikuwa vimetupwa kando ya njia na ndani ya mitaro. Waliokuwa wamevivaa usiku walikuwa tayari ndani ya mashati ya raia, na wengine walikuwa kwenye malango ya kambi za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakisalimisha bunduki zao. Katika njia zizo hizo kina mama walipita na magodoro kichwani, na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Goma hubebea viazi na makaa, siku hiyo ilibeba sufuria, majerikeni na wazee wasioweza kutembea.

Makundi mawili yalikimbia pamoja. Aliyeyatazama kwa mbali angeona umati mmoja wa watu wenye hofu. Sisi tunasema hayakuwa kundi moja, na tunayasema haya leo kwa sababu tofauti hiyo inafutwa, tena inafutwa na watu wenye faida ya kuifuta.

Kila vita vinapozuka katika nchi za Maziwa Makuu, kijana hutwishwa swali: utapigana au utakimbia? Huulizwa na mhubiri, na mwanasiasa redioni, na mjomba anayepiga simu kutoka Brussels. Kijana wa Masisi au Rutshuru hujiuliza mwenyewe usiku, akisikia mizinga. Swali lenyewe ni halali. Kosa letu ni kuanza na yeye. Kabla hatujamuuliza asiye na kitu kama yuko tayari kufa, tuwaulize kwanza waliokula kiapo, waliopewa cheo, gari, mlinzi na mshahara ili siku hiyo ikifika wao wabaki.

Tuanze lakini na yule mama mwenye godoro, maana yeye hana shauri la kujibu. Aliyebeba mtoto mgongoni akatoka mjini kabla risasi hazijafika ametimiza wajibu wake wote. Afrika ililikubali jambo hili kwa maandishi zamani. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi wa kigeni, nchi kukaliwa kwa nguvu, au machafuko makubwa mahali anapoishi. Hauulizi kama alirusha jiwe kwanza. Atakayemwita mama huyu mwoga atafute neno lingine.

Watanzania wanalijua hili kwa mfano wa nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Missenyi na kuteka takriban kilomita za mraba 1,800 za ardhi yetu hadi mto Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda kusini kwa njia yoyote waliyoipata. Miongoni mwa waliobaki nyuma inakadiriwa watu 1,500 waliuawa. Kiwanda cha sukari kiliporwa, ng'ombe wa ranchi wakaswagwa kwenda Uganda. Katika yote yaliyosemwa na kuandikwa kuhusu vita vile, hakuna anayewalaumu waliovuka mto kwa kutosimama na mapanga mbele ya vifaru. Taifa lilijua kazi ya kusimama mbele ya vifaru ni ya nani.

Na hapo ndipo somo la Kagera lilipo, ingawa kila mwaka Siku ya Mashujaa inapofika tunalipitia juu juu, tukikumbuka ngoma na kusahau hesabu. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutapigana, alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Wengi hukumbuka nia, kwa kuwa ndiyo inayopendeza kusikika. Sisi tunataka msomaji atulie kwenye uwezo. Tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 vijiji vilikuwa vikifundisha mgambo. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwapo tangu 1963. Kwa hiyo ulipofika wito, seremala, mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa pamba walikuwa wamekwisha kujua kupanga mstari, kusafisha bunduki na kutii amri. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuka likapita 100,000 kwa muda mfupi, na makumi ya maelfu kati yao walikuwa mgambo. Walipewa sare. Walipewa namba. Walikuwa na kamanda mwenye jina, na kamanda huyo alikuwa na kamanda wake, hadi juu.

Tena hawakuwa watu wa chuma. Jioni ya 10 Machi 1979, karibu na Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala inayopita katikati ya kinamasi, brigedi ya 201 ya jeshi letu ilishambuliwa na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Sehemu kubwa ya brigedi ile ilikuwa mgambo. Roketi za Katyusha zilipita juu ya vichwa vyao bila kuwapiga, lakini mlio ule ulitosha. Walivunja safu, wakakimbia. Hili halisimuliwi sana kwenye sherehe, lakini lingefaa kusimuliwa, kwa sababu yaliyofuata ndiyo yenye heshima. Usiku ule makamanda waliwakusanya. Brigedi ya 208 ilizungushwa ubavuni mwa adui, na alfajiri ya tarehe 11 wale wale waliokimbia jioni walirudi mbele, wakapigana, wakashinda. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka.

Walikimbia, wakarudi. Walirudi kwa sababu palikuwa na mahali pa kurudi: kamanda alikuwa bado yupo. Lau wakubwa wao wangekuwa wamekwisha kupanda magari kuelekea Mutukula, brigedi ya 201 ingekuwa leo hadithi ya aibu, na lawama zingewaangukia wakulima wa pamba. Hofu ya askari ni jambo la mwili, na jeshi lolote linalojua kazi yake huiwekea utaratibu. Kukimbia kwa anayeongoza hakuna dawa, maana kunabomoa kitu ambacho wengine wangekishika ili wasianguke.

Turudi Goma. Siku chache kabla ya mji kuanguka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Peter Cirimwami, alijeruhiwa mstari wa mbele upande wa Sake, akafa. Historia itampima kwa mengine yote aliyoyafanya. Kwa hilo moja, alipigwa mahali ambapo mwenye cheo chake hapaswi kuona haya kupigwa. Lakini Machi 2025 maofisa wakuu watano wa jeshi na polisi walisimamishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa, wakituhumiwa kumkimbia adui na kuuacha mji wa Goma. Hatutawahukumu kabla ya mahakama. Tunalosema ni kwamba tuhuma yenyewe ndiyo tuhuma nzito kupita zote ambazo nchi yenye vita inaweza kumfungulia mtumishi wake, na haipaswi kuzikwa chini ya kelele za nani mchokozi na nani mchokozwa.

Kuhusu mchokozi hatuna kigugumizi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika taarifa zao, mwaka baada ya mwaka, kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia waasi wa M23, walioiteka Goma, kwa askari na silaha. Kigali inakanusha. Gazeti hili linaamini kilichoandikwa kwenye taarifa hizo. Ila uovu wa anayevamia haumsafishi aliyelipwa kumzuia akaondoka.

Sasa kijana. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwataka vijana wa Kongo wajiunge na jeshi na wajipange katika makundi ya ulinzi, na maelfu waliitikia mjini Goma. Hao hatuwezi kuwadharau. Wapo waliotoka kwenye kambi za waliohama makwao, wakiwa wamepoteza shamba na ndugu. Neno Wazalendo, walilojiita wapiganaji wa makundi yaliyosimama upande wa serikali, ni neno zuri la lugha yetu, na wapo waliolistahili. Mwaka 2023 Kinshasa ilitunga sheria ya jeshi la akiba ili kuwaingiza katika utaratibu.

Utaratibu huo ulibaki kwenye karatasi kuliko uwanjani. Ukimpa mtu bunduki bila mshahara, bila sare, bila kamanda anayejulikana na bila siku ya kuirudisha, ataitafutia kazi. Vizuizi vya barabarani vikaota kama uyoga, na muuza ndizi akawa anatozwa na anayemlinda. Makundi yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe miaka mingi yalipewa jina moja jipya, na uhasama wao wa zamani ukabaki pale pale. Hata jeshi la taifa halikuwa safi: Februari 2025, siku chache kabla ya mji wa Bukavu nao kuanguka, mahakama ya kijeshi mjini humo iliwapandisha kizimbani askari 84 kwa tuhuma za uporaji, ubakaji na mauaji ya raia. Mwezi uliofuata ndipo Rais alipotangaza kuongeza maradufu mishahara ya askari. Baada ya Goma. Baada ya Bukavu.

Kwa kijana anayetuuliza, jibu letu ni hili. Kama umetimiza miaka 18, una afya, na hakuna mtoto wala mzee atakayekufa njaa ukiondoka, nchi yako ina haki ya kukuita na wewe una wajibu wa kusikia. Lakini nenda jeshini. Nenda mahali jina lako litaandikwa, ambako ukiua utaulizwa na ukifa mama yako ataambiwa. Ukikuta kinachokuita ni mtu mwenye bunduki ishirini na wimbo wa kikabila, mkatalie, hata akikuita msaliti, hata kama ni mtu wa kijiji chako. Kati ya kujiunga na kundi hilo na kuvuka mpaka, vuka mpaka. Hatulisemi hili kwa wepesi. Tunajua vipo vijiji ambavyo jeshi halijafika miaka mingi na kundi ndilo ukuta pekee. Bado tunasema hivyo, kwa sababu mashariki ya Kongo imekwisha kuona mara nyingi ukuta wa mwaka huu ukiwa mwizi wa mwaka kesho.

Na asiyetimiza miaka 18 asiitwe kabisa. Kiswahili cha Kongo kina neno ambalo kila anayeandikisha watoto anapaswa kulisikia likimlia masikioni: kadogo. Ndivyo walivyoitwa watoto waliotembea na Laurent-Désiré Kabila kutoka mashariki hadi Kinshasa mwaka 1996 na 1997, wakiburuta bunduki zilizowazidi urefu. Walishangiliwa. Wengi wao hawakupata shule tena, wala kazi, wala mtu wa kuwaambia vita vimekwisha. Lile neno la upendo, la mama kumwita mwanawe, likageuka jina la jeraha.

Lipo jambo jingine ambalo viongozi wa nchi yoyote inayodai damu ya raia wake wanapaswa kulitazama kwa karibu. Mkongomani anayekimbia hubeba kitu kimoja kabla ya sufuria: kadi ya mpiga kura. Ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, ameiweka kifuani. Ni kipande kidogo chenye picha iliyofifia, na kwa miaka mingi kwa raia wa kawaida ndicho kimekuwa kitambulisho chake, kwa kuwa dola haikumpa kingine. Dola ilimhesabu siku iliyohitaji kura yake. Haikumhesabu kwa maji, wala kwa barabara, wala kwa mshahara wa mwalimu wa mwanawe, ambaye wazazi walimlipa kwa michango miaka na miaka. Leo inamtaka ahesabike kwa kufa. Tunaamini raia anadaiwa na nchi yake. Deni hilo lakini lina pande mbili, na mwenye kulidai upande mmoja tu atadai kwa sauti inayotetemeka.

Wapo ambao swali la kupigana au kukimbia halikuwapata kabisa, maana walikuwa na kazi. Katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, madaktari wa upasuaji na wauguzi walipokea majeruhi wengi kuliko vitanda. Wakawalaza kwenye mahema, kwenye korido, chini sakafuni. Raia, askari wa serikali, wapiganaji wa upande wa pili, wote walipita kwenye meza zile zile. Muuguzi wa zamu alikuwa na nyumba yake mjini humo humo, na watoto humo humo, simu zikiwa hazishiki. Vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo waliokota maiti mitaani wakazizika. Mafundi walihangaika kuyarudisha maji kwa watu waliokuwa wakichota Ziwa Kivu huku kipindupindu kikinyemelea. Hawa hawakushika bunduki na hawakukimbia. Tunapotafuta kipimo cha wajibu, tungeanza kwao kabla ya kuanza kwa jenerali yeyote, na inatuuma kwamba majina yao hayajulikani hata katika jimbo lao.

Kwa walio mbali tuna neno pia. Mkongomani aliyeko Ulaya au Amerika ya Kaskazini, na wapo wengi wanaoandika Kiswahili kizuri kuliko chetu, ana haki ya kulia na kuchanga na kuandamana. Hana haki ya kumtuma mtoto wa mwenzake vitani akiwa sebuleni kwake. Wenye kusema "pigeni, msikubali" huku watoto wao wamesajiliwa shule salama, wawe tayari kurudi wao, au watume dawa na wanyamaze kuhusu risasi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ni ya mwenye msiba, aliyejua kilio hicho kitaingia nyumbani kwake. Anayeisema kwa niaba ya nyumba ya mtu mwingine anaiiba.

Na anayekimbia naye ana mpaka wake. Akivuka aache bunduki. Tulione hilo kwa macho yaliyoona Julai 1994, pale Goma hiyo hiyo ilipopokea Wanyarwanda zaidi ya laki nane katika siku chache. Ndani ya umati ule walikuwamo askari wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe waliotoka kuua nchini Rwanda, wakiwa na silaha na amri zao. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zikawa nchi ya wauaji, na mkimbizi wa kweli akawa mateka wao huku kipindupindu kikiua makumi ya maelfu. Dunia iliwalisha wote kwa kijiko kimoja. Vita vilivyozaliwa pale havijaisha hadi leo. Ndivyo vilivyotupa magwanda yale barabarani miaka zaidi ya thelathini baadaye. Nchi inayopokea wakimbizi ina wajibu wa kufungua mpaka na wajibu wa kumnyang'anya silaha anayeingia. Tanzania iliyofungua Nyarugusu kule Kasulu mwaka 1996 inajua ugumu wa kufanya yote mawili, na haipaswi kuchoka kufanya hata moja.

Tanzania ina sauti hapa kwa sababu nyingine. Katika mapigano ya Januari 2025, jeshi letu, JWTZ, lilitangaza kwamba askari wake wawili waliokuwa katika jeshi la jumuiya ya SADC wameuawa. Afrika Kusini ilipoteza 14, Malawi ilipoteza watatu. Vijana hao walikuwa wamevaa sare, wametumwa na nchi zao, na walikuwa wangali kwenye nafasi zao huku baadhi ya wenye mji wakitafuta mashati ya raia. Familia zao zina haki ya kuuliza waliachiwa vita na nani.

Jeshi la Kongo huzungumza Kilingala. Goma huzungumza Kiswahili. Kesi za maofisa wanaotuhumiwa kuutoroka mji huendeshwa Kinshasa, mbali na ziwa, kwa Kifaransa ambacho muuza samaki wa Goma hakifuati. Tunaitaka serikali ya Kongo irushe kesi hizo redioni kwa Kiswahili, shahidi kwa shahidi, saa kwa saa: nani alitoa amri gani usiku wa tarehe 26 Januari, saa ngapi boti ya waliotoroka iliondoka, nani alikuwa ndani yake, na nani aliachwa kwenye gati. Waliobaki gatini wasikie kwa lugha yao.